Nyumba Ndogo, Paa Kubwa

Mtu apandaye kutoka Soni kwenda Bumbuli, akitupa macho juu na chini ya barabara, ataona kuta nyingi ambazo bado hazijawa nyumba. Matofali ya kuchoma yamepangwa yakafika usawa wa madirisha, pengine hata mahali pa kulaza kenchi, kisha kazi ikasimama. Ndani ya chumba cha kulala mmeota majani, na pale palipotazamiwa kuwa sebule pana mgomba wenye mkungu. Mwenye kuta yuko Tanga au Dar es Salaam, akitafuta fedha za mabati. Masika yanapita juu ya matofali yake mwaka baada ya mwaka, na hatua chache tu kutoka hapo mama yake mzazi analala katika nyumba ya zamani inayovuja.

Kijana huyo si mvivu, wala hachezei fedha. Alianza nyumba asiyoweza kuimaliza, basi. Alitaka vyumba vitano na sebule, kwa kuwa jirani alijenga vinne. Sasa fedha yake yote imelala katika kuta, na kuta zisizo na paa hazimfichi mtu mvua hata usiku mmoja.

Leo twataka kueleza habari za nyumba nyingine: nyumba ya futi 12 kwa futi 20, yenye vyumba viwili, ambayo mume na mke wenye afya, pamoja na ndugu wachache wa kusaidia siku za kazi nzito, waweza kuijenga wenyewe na kuimaliza. Tena twasema ujenzi wake uanze na paa, na kuta zifuate.

BABU ZETU WALIJENGA PAA

Nyumba ya zamani ya Washambaa ilikuwa ya mviringo, ya namna ya msonge. Majani yalianza kileleni yakashuka karibu na ardhi. Fito zilikuwapo, na udongo pia, lakini mtu aliyesimama uwanjani aliona paa tu. Moto uliwaka ndani, moshi ukapanda darini, ukayakausha mahindi na kuwafukuza wadudu. Mvua haikupata nafasi ya kuugusa udongo wa ukuta.

Baadaye nyumba ya pembe nne ikaenea milimani. Katika miaka ya 1970, siku za vijiji vya ujamaa, serikali ilihimiza watu wajenge nyumba bora, na bati likawa alama ya mtu aliyeendelea. Bati ni kitu chema, hatulilaumu. Lakini pamoja nalo iliingia tabia ya ubahili: ukingo wa paa ukafupishwa. Bati linatokeza inchi chache tu nje ya ukuta, matone yanaangukia chini ya ukuta ule ule, yanaruka, yanaula udongo kidogo kidogo. Mama wa nyumba anakandika kila mwaka, na kila mwaka udongo unaondoka. Watu husema, "Nyumba ya udongo haidumu." Kumbe udongo hauna hatia, ni paa lililokuwa fupi.

KIWANJA KIPIMWE NA MVUA

Kabla ya paa yapasa tuseme juu ya mahali. Hapa ndipo nyumba nyingi za milimani hufa kabla hazijazaliwa.

Katika nchi yetu tambarare ni adimu. Mtu hukata mlima; udongo anaouchimba upande wa juu huumwaga upande wa chini, naye hupata uwanja. Nusu ya uwanja huo ni ardhi ya asili, ngumu, iliyolala hapo tangu zamani. Nusu ya pili ni udongo wa kumwaga. Nyumba ikisimama nusu huku na nusu kule, upande wa chini utazama, na ufa utapita ukutani kuanzia pembe ya dirisha. Hakuna saruji ya kuuponya ufa huo. Basi nyumba yote, pembe zote nne, ikae juu ya ardhi ya asili. Udongo wa kumwaga uachiwe kazi ya kuanikia maharage na kuchezea watoto.

Hapo ndipo udogo wa nyumba unapolipa. Mteremko ukipanda futi 1 katika kila futi 3, kiwanja chenye upana wa futi 20 kitakuachia genge la futi karibu 7 nyuma ya nyumba. Kiwanja cha futi 40 kitakuachia genge la futi 13. Genge la futi 7 mtu aweza kulilaza kidogo na kulipanda majani. Genge la futi 13 la udongo mwekundu uliolowa ni jambo la kumkosesha mtu usingizi usiku wa Aprili. Kwa hiyo nyumba iwe nyembamba, na urefu wake ufuate mlima, usiukate.

Juu ya genge chimba mfereji wa kuyazuia maji ya mlimani na kuyapeleka pembeni, mbali na shamba la jirani. Chini ya genge chimba wa pili. Ukingoni panda majani ya Guatemala, ambayo wakulima wa Lushoto wameyatumia kwa miaka mingi kushika kingo za matuta. Usivutwe na mahali ambapo migomba imestawi kupita pengine pote. Mara nyingi imestawi hapo kwa kuwa maji ya mlima hupita chini yake.

Kisha fanya jambo ambalo vijana hawalipendi: ukiisha kukata kiwanja, kiache masika moja nzima. Kitembelee mvua ikinyesha. Utaona maji yanatoka wapi, yanasimama wapi, na kama genge linamong'onyoka. Bora ujue mwezi wa Aprili kuwa mahali ni pabaya, ukiwa umepoteza jasho tu, kuliko kujua miaka mitatu baadaye watoto wakiwa wamelala ndani.

PAA LENYEWE

Masika yakiisha, mwezi wa Juni, kazi yaweza kuanza. Piga mambo na kamba. Pima futi 12 na futi 20, kisha pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Vipimo vyote viwili vikiwa futi 23 na inchi 4, kasoro kidogo, nyumba imenyooka. Vikipishana, sogeza mambo mpaka vilingane. Kwa usawa wa ardhi, mpira mwembamba wa kuonyesha maji ndani yake hufanya kazi kama pima maji ya fundi.

Nguzo ni 13. Kumi ni za kuta mbili ndefu, tano kila upande, nazo zisimame futi 8 juu ya ardhi. Tatu ni za kubeba mti wa kileleni, moja katikati ya kila ukuta mfupi na moja katikati ya nyumba ambapo patakuwa ukuta wa kutenga vyumba. Hizo zisimame futi 11. Kila nguzo iongezewe futi 2 na nusu za kuingia ardhini. Mkaratusi hufaa, na muwati pia, nayo imejaa katika mashamba yetu. Menya maganda, uiache ikauke, choma kidogo sehemu ya kuingia ardhini, kisha ipake oili chafu ili mchwa waichukie. Haifai kwenda kuiba mkulo katika misitu ya hifadhi, wala katika msitu wa Mazumbai, ambao ni wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chemchemi zetu zatoka katika misitu hiyo, na nyumba isiyo na maji ina faida gani?

Kila pembe itiwe miti ya mshazari kutoka chini hadi juu, maana upepo wa milimani husukuma nyumba kama mtu asukumaye mlango. Wengi huiacha miti hiyo, kisha hushangaa milango yao haifungi.

Sasa mabati. Paa lipande futi 1 katika kila futi 2. Bati moja la futi 10 kila upande litatoka kileleni, litapita juu ya ukuta, na litatokeza karibu futi 3 nje. Mabati 10 huku na 10 huku, yakipandana vizuri, yatafunika futi kama 25, yaani futi 2 na nusu zaidi ya nyumba kila kichwa. Jumla ni mabati 20, pamoja na kofia za kileleni. Mtu anayenunua mabati mawili kila mwezi anayo yote katika miezi kumi, nayo hayaozi yakiwekwa mahali pakavu. Usinunue bati jembamba kupita kiasi kwa sababu ya bei: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, ingawa namba yake ni kubwa. Wengi wamedanganyika hapo.

Paa lenye ukingo mrefu lina adui mmoja, nao ni upepo wa kutoka chini. Misumari peke yake haitoshi. Funga mapau kwenye miti inayolala juu ya nguzo kwa waya, kila mahali yanapokutana, na uzungushe waya huo hadi kwenye nguzo yenyewe.

Siku paa linapokwisha, una kivuli. Udongo utafinyangwa humo, matofali yatakaushwa humo, na mvua ya vuli ikija mapema haitaharibu kazi. Tena una maji. Mvua ya milimita 10 tu ikinyesha juu ya paa hili huteremsha kama lita 400, yaani madumu 20 ambayo mama na binti hawatayabeba kichwani kutoka bondeni. Mfereji wa bati na pipa ni gharama ndogo kwa faida hiyo.

Yuko Mmarekani mmoja, Henry David Thoreau, aliyejenga kijumba chake karibu na mji wa Concord mwaka 1845. Kilikuwa na futi 10 kwa 15, kidogo kuliko hiki chetu. Alianza kwa kuazima shoka, naye asema alilirudisha likiwa kali kuliko alivyolichukua. (Waazimaji wa mapanga wasikie.) Mbao alizipata kwa kununua kibanda cha mfanyakazi wa reli kwa dola 4 na senti 25, akakibomoa. Jumla ya vifaa vyake, aliandika, ilikuwa dola 28 na senti 12 na nusu. Aliingia Julai 4, mbao na paa vikiwa tayari lakini bila dohani, akaijenga dohani kabla ya baridi. Alikuwa msomi asiye na mke wala mtoto, hivyo si kila jambo lake lamfaa mtu wa Bumbuli. Lakini kuingia chini ya paa kwanza na kumalizia ukiwa ndani, hilo latufaa. Na mbao za nyumba ya zamani, fremu, bawaba, hata misumari ya kunyoosha, visitupwe.

KUTA

Matofali ya kuchoma ni mazuri, hatukatai. Lakini tanuru lala kuni nyingi mno, na milima yetu haina kuni za kuchezea. Chini ya paa lenye ukingo wa futi 3, tofali bichi lililokaushwa vizuri latosha. Kalibu ya inchi 12 kwa 6 kwa 5 itatoa tofali ambalo hata mama aweza kulibeba. Kwa nyumba hii, pamoja na ukuta wa katikati, yatatakiwa kama 1,200. Watu wawili wakifyatua 60 kwa siku, ni kazi ya siku 20. Hewa ya huku ina ukungu. Yape mwezi mzima yakauke, na uyageuze ubavu.

Udongo upimwe kwanza. Jaza chupa ya kioo theluthi moja kwa udongo, tia maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iweke. Mchanga hukaa chini mara moja. Mfinyanzi hukaa juu kabisa baada ya siku nzima. Mfinyanzi ukizidi, kama ulivyo udongo mwingi wa huku, tofali litapasuka likikauka. Ongeza mchanga wa mtoni na majani yaliyokatwa.

Mwenye fedha kidogo zaidi aweza kutumia tofali la kushindilia. Katika miaka ya 1950, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, Raúl Ramírez alibuni mashine ya mkono iitwayo CINVA-Ram, ambayo hubana udongo mnyevu uliochanganywa na saruji kidogo. Huchanganywa sehemu 1 ya saruji na sehemu kati ya 12 na 18 za udongo, kwa kadiri udongo wenyewe ulivyo. Tofali hilo halichomwi, bali hufunikwa na kunyunyiziwa maji kivulini kwa wiki moja au zaidi. Hapa Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha watu kwa miaka mingi kufyatua tofali la jamii hiyo, lenye meno ya kufungamana, lisilotaka saruji nyingi ya kujengea. Mashine moja yatosha kikundi kizima kikishirikiana kwa ujima.

Ama wewe uwe wa fito, wa tofali bichi au wa kushindilia, msingi ni mawe, nao utokeze futi 1 juu ya ardhi. Na ukuta wa udongo usiupige lipu ya saruji. Saruji hushika unyevu ndani, na baada ya miaka michache hubanduka vipande vizima. Lipu ya udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe, kisha chokaa juu yake, hushikamana na ukuta kwa kuwa ni jamaa moja.

PANYA

Jambo hili hatuwezi kulipita. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika Wilaya ya Lushoto, ikawa yarudi mara kwa mara kwa miaka zaidi ya 20. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na mamia walikufa. Ugonjwa huo huletwa na viroboto wa panya, na panya hufuata mahindi. Wataalamu waliochunguza vijiji vilivyopatwa walitazama sana desturi mbili za nyumbani: kuweka mazao ndani ya nyumba ya kulala, na kulala chini sakafuni.

Ile dari ya msonge iliyojaa mahindi, tuliyoisifu hapo juu, ilikuwa na moto chini yake usiku na mchana. Siku hizi moto umehamia jikoni, lakini mahindi yamebaki darini, nayo ni karamu ya panya juu ya vichwa vya watoto. Basi katika nyumba hii dari iwekwe kwa ajili ya baridi tu, ya mianzi au mbao nyembamba, na kisiwekwe juu yake hata kibaba kimoja. Mahindi yajengewe ghala dogo nje, juu ya miguu minne yenye urefu wa futi 3 au zaidi, na kila mguu uvikwe sahani pana ya bati iliyoinama ili panya asipande. Nafasi iliyoko kati ya ukuta na bati iwekwe wavu wa waya, hewa ipite na panya abaki nje. Sakafu ishindiliwe ngumu, mashimo yazibwe. Na kitanda! Kabla ya kununua kabati la vyombo, kila mtoto awe na kitanda chenye miguu, hata kiwe cha fito na kamba.

Wengine watauliza kwa nini tusiige nyumba za kisasa zilizojengwa katika mkoa wetu wenyewe. Kweli, katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, wasanifu kutoka Denmark walijenga nyumba sita za mfano yapata mwaka 2014, nyepesi, nyingine za ghorofa, zenye kuta za kupitisha upepo. Mbu waliingia wachache sana, hasa katika zile za ghorofa, na ndani palikuwa na ubaridi wa kupendeza. Kazi nzuri kabisa. Lakini Muheza ni joto na malaria. Mtu wa Bumbuli akilala mwezi wa Julai katika nyumba ya kupitisha upepo, asubuhi atakuwa na kikohozi. Magoda walimjua adui wao wakajenga kwa kumkabili. Sisi wetu ni maji ya mlimani, baridi na panya.

KUONGEZA

Jiko liwe kibanda cha peke yake, hatua chache kutoka mlangoni, ili moshi usiingie vifuani mwa mama na mtoto mchanga. Choo kiwe upande wa chini, mbali na kisima.

Familia ikikua, nyumba iongezwe kwa kichwa chake kimoja, kufuata mlima, kwa hiyo tangu siku ya kwanza acha futi 12 za ardhi ya asili upande huo. Nguzo tano zaidi, mabati 8 au 10, na chumba cha tatu kimepatikana bila kubomoa kitu. Hapo watu waweza kupanga vyumba vitano wakitaka, wakilala penye ukavu muda wote wa kazi. Kuta zilizokwisha kusimama barabarani bila paa nazo zaweza kuokolewa kwa njia hiyo hiyo: mwenyewe achague vyumba viwili vya upande wa mlimani, vilivyo juu ya ardhi ngumu, aviezeke mwaka huu, na vitatu vilivyobaki vingoje.